TUSOME AGANO LA KALE: Kikapu cha Amosi na Mizani ya Sokoni

Tukifungua kitabu cha nabii Amosi, sura ya 8, tunakutana na kikapu cha matunda, na mara Mungu anatamka kwamba mwisho umefika. Wahubiri wengine hapo huanza kuhesabu siku za kiama. Tusiende mbio. Kwanza tuitazame lugha.

Kiebrania cha kale kiliandikwa kwa konsonanti. Alama za irabu ziliongezwa na wanazuoni wa Kiyahudi kati ya karne ya 7 na ya 10 baada ya Kristo. Wazee wa mwambao waliosoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu hawatashangaa. Sasa, matunda ya kiangazi huitwa kayits, na mwisho huitwa kets. Nabii anaulizwa anaona nini. Anajibu kayits, na Mungu anamrudishia kets. Ni fumbo la sauti, nalo halivuki kwa urahisi kuja kwetu, maana "matunda" na "mwisho" hayafanani hata kidogo.

Mwisho wa nani, basi? Aya ya 5 inawataja: wafanyabiashara wa Israeli, karne ya 8 kabla ya Kristo, wanaopunguza efa na kuongeza shekeli. Efa ni kipimo cha nafaka. Shekeli wakati ule haikuwa sarafu, bali uzito wa jiwe la kupimia fedha ya mnunuzi. Efa ikiwa ndogo, anapata ngano pungufu. Jiwe likiwa zito, analipa fedha zaidi. Maskini huyo ameibiwa mara mbili katika biashara moja.

Mizani kwa Kiebrania ni moznayim, neno lenye udugu na lile la Kiarabu lililotupa sisi "mizani". Amosi na muuza nafaka wa Kariakoo wangeelewana hapo bila mkalimani. Wangeelewana pia juu ya lumbesa, lile gunia linalojazwa likafungwa kilemba juu, mkulima akalipwa bei ya gunia moja, ingawa sheria ya vipimo hairuhusu kuzidisha kilo 100. Mzigo uleule ukifika mjini huweza kuuzwa kwa kisado kilichobonyezwa chini. Kipimo kikubwa cha kununulia, kidogo cha kuuzia!

Tena tuangalie jambo ambalo wengi hulipita. Watu hawa hawakuwa wapagani. Sabato waliishika na maduka waliyafunga. Ila walikaa wakiuliza itakwisha lini wakauze. Kwa maoni yetu uzito wa sura hii uko hapo, wala sisi wa mtaa huu tusiwatafute watu hao mbali.

Kabla ya somo lijalo someni Kumbukumbu la Torati 25:13-16. Mtaona sheria inakataza hata kuwa na vipimo viwili nyumbani, kikubwa na kidogo, kabla havijatumika. Kwa nini? Wenye maduka na watangulie kujibu.