SOMO LA AFYA: MAMA MWENYE VIRUSI ANAWEZA KUZAA MTOTO MZIMA



Msimu wa mpunga ukifika, wengi wetu hapa Mang'ula tunahamia mashambani. Tunalala kwenye dungu, tunafukuza ndege na nguruwe. Miezi inapita. Mama mjamzito naye yuko huko huko. Je, kliniki ataenda lini? Hilo ndilo somo letu.

Virusi vya UKIMWI humfikia mtoto kwa njia tatu: katika mimba, wakati wa kuzaliwa na katika kunyonya. Bila dawa, katika watoto 100 wa mama wenye virusi, 15 hadi 45 huambukizwa. Mama akimeza dawa kila siku, hawafiki 5. Tofauti hiyo ni kubwa, tena dawa hatulipii.

Basi tufanye hivi:

1. Mimba ikionekana, twende kliniki mapema. Mke na mume wapime damu wote wawili.

2. Mama akikutwa na virusi, aanze dawa mara moja. Asiruke hata siku moja. Kabla ya kwenda shambani amweleze muuguzi, apangiwe dawa za kutosha. Dawa zikiisha dunguni, virusi huongezeka tena.

3. Azalie kwenye kituo cha afya au hospitali. Mtoto hupewa dawa yake mara baada ya kuzaliwa. Hupimwa damu akiwa na wiki 4 hadi 6, na hurudi kupimwa tena, hata baada ya kuacha kunyonya.

4. Miezi 6 ya kwanza mtoto anyonye tu. Bibi atasema, "Mtoto ana kiu, mpe maji." Hapana, bibi! Maji na uji huweza kuumiza utumbo mchanga, na virusi vikapata njia.

Na kama mume ana virusi, mke hana, nao wanataka mtoto? Wasikate tamaa. Waulize kwanza kliniki. Mume akitumia dawa vizuri mpaka kipimo kisione virusi katika damu yake, hamwambukizi mkewe.

Huko Ifakara, kliniki ya Hospitali ya Mtakatifu Fransisko imetibu watu wenye virusi tangu mwaka 2004. Msaada hauko mbali.

Akina baba, tusimwachie mama mzigo huu peke yake. Tumkumbushe dawa, tumsindikize kliniki.

MASWALI YA KUZUNGUMZA
1. Virusi humfikia mtoto kwa njia zipi?
2. Kwa nini mtoto mchanga asipewe maji?
3. Kijijini kwetu, nani atamletea dawa mama aliye shambani?