Usimpe Sungura Mahindi, Mdogo Wangu

Mdogo wangu wa Ewuaso Kedong, umeniuliza kama sungura wako wawili wanaweza kula mahindi maadamu nyasi zimekauka. Naelewa. Kiangazi kikishika huko Kajiado hata mbuzi huhangaika, na gunia liko pale jikoni linakutazama.

Usiwape. Sungura ni mla nyasi. Chakula chake huchachukia kwenye mfuko mkubwa ulio mwanzoni mwa utumbo mpana, penye vijidudu vinavyotegemea nyuzinyuzi. Ukimshindilia wanga, vijidudu vibaya huzaana, tumbo hujaa gesi, kisha anaharisha. Kutapika hawezi. Wale walioachishwa kunyonya juzijuzi ndio hufa upesi.

Utaniambia wanayapenda. Wewe pia unapenda mandazi, lakini mama hakupikii mandazi asubuhi, mchana na jioni.

Mahindi yaliyoota ukungu ndiyo mabaya kupita yote. Mwaka 2004, aflatoksini, sumu itokanayo na ukungu huo, iliua watu 125 huko Ukambani, na sungura huathirika nayo haraka mno. Kuyaosha au kuyachemsha hakusaidii. Usimpe hata kuku. Na hicho chakula cha kuku chenyewe usikiazime: baadhi yake huchanganywa dawa ambazo kwa sungura ni sumu. Maharagwe ya githeri pia hapana, maana yakiwa mabichi yana sumu yake.

Kama roho yako haitulii bila kumpa nafaka, basi shayiri nzima, safi na kavu, kijiko kimoja cha chai, mara moja moja, kwa sungura mzima mwenye afya. Aliyenenepa asionjeshwe.

Sasa hesabu ya nyasi. Sungura wa kadiri anatosheka na kama gramu 100 za nyasi kavu kwa siku. Robota la kilo 15, ambalo ng'ombe hulimaliza kwa siku chache, litawalisha wako wawili zaidi ya miezi miwili. Tafuta nyasi za Rhodes zenye harufu nzuri, zisizo na vumbi la ukungu, uziinue kutoka sakafuni. Maji yasikose.

Mmoja wao akigoma kula kwa nusu siku, au kinyesi kikikatika, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Mwombe baba akununulie robota moja wiki hii, kabla kiangazi hakijapandisha bei.