Kuhesabu Elektroni Bila Kuugusa Moto

Swali: Kwa nini msongamano wa elektroni katika plazima hupimwa kwa leza?

Plazima ya myeyungano wa nyuklia ni gesi iliyopata joto hadi elektroni zikabanduka kwenye atomi, na kitovu chake hutakiwa kupita digrii milioni 100. Chuma hakidumu humo, na chembe zinazobanduka kwacho huichafua plazima na kuipoza. Mwanga hupita salama. Mwali wa leza hugawanywa kuwa miwili: mmoja hupenya plazima, mwenzake huzunguka nje. Ikikutana tena, mawimbi yake hayaendi sambamba, na kadiri elektroni zilivyokuwa nyingi njiani ndivyo yanavyopishana.

Swali: Kioo kinachoelekeza mwali kikitikisika, si kipimo kimeharibika?

Pingamizi hili ni zito. Kwa leza ya kaboni dioksidi, yenye wimbi la mikromita 10.6, elektroni 10²⁰ katika kila mita ya ujazo huyapishanisha mawimbi kwa karibu nusu wimbi katika mwendo wa mita moja. Njia ya mwali ikirefuka kwa mikromita 5 tu, sehemu ndogo ya unene wa unywele, mpimaji ataona tofauti ileile. Dawa ni leza mbili za mawimbi tofauti katika njia moja: mtikisiko hulivuruga zaidi wimbi fupi, elektroni hulivuruga zaidi wimbi refu, na kwa kulinganisha mpimaji hujua lipi limetoka wapi. Hoja hiyohiyo inafanya kazi juu ya kaunti za Kitui na Makueni, Kenya, kila siku. Mpima ardhi anayeweka mpaka wa shamba karibu na mji wa Wote kwa kipokezi cha GPS cha masafa mawili, megahezi 1575.42 na 1227.60, anapokea ishara za setilaiti zilizopita kwenye ionosfia, tabaka la juu la angahewa, nalo ni plazima. Ishara ya masafa ya chini huchelewa zaidi. Tofauti hiyo hufichua jumla ya elektroni njiani, na kosa huondolewa. Ionosfia ni hafifu, takriban elektroni 10¹² kwa mita ya ujazo mchana, lakini kanuni haibadiliki.

Swali: Jumla ya njiani haituambii elektroni ziko wapi. Au sivyo?

Kweli, na hapo ndipo mtawanyiko wa Thomson, yaani mwanga kutawanywa na elektroni, unapohitajika. Kati ya fotoni bilioni moja zinazopita mita moja ya plazima yenye elektroni 10²⁰ kwa mita ya ujazo, takriban 7 tu hutawanywa na elektroni. Wingi wa mwanga huo uliotawanywa kutoka sehemu moja hutoa msongamano, upana wa rangi zake hutoa joto. Mtambo husahihishwa kwanza kwa gesi ya shinikizo linalojulikana, kwa hiyo si kubahatisha. Mwaka 1969 wanasayansi wa maabara ya Culham, Uingereza, walipeleka leza yao Moscow na kuthibitisha joto la plazima katika T-3, mtambo wa myeyungano wa aina ya tokamaki, ambalo wengi Magharibi walilitilia shaka.

Swali: Mwanafunzi wa Kwa Vonza, Kitui, ataanzia wapi?

Hahitaji tokamaki. Baadhi ya simu za kisasa hupokea masafa mawili ya setilaiti, kama kipokezi cha mpima ardhi. Walimu wa fizikia wa Kitui na Makueni, anzeni na plazima iliyo juu ya paa la darasa lenu.