Malkia Mjane na Mtumishi Wake

Filamu Mrs Brown, ya mwaka 1997, yaeleza habari za Victoria, malkia wa Uingereza. Mwaka 1861 Albert, mumewe, alifariki. Malkia akavaa nguo nyeusi, akajitenga na watu. Mwaka 1864 akaletwa John Brown, mtumishi kutoka Uskoti, ili amwongozee farasi. Huyo hakutumia maneno ya kujipendekeza. Alisema na malkia waziwazi, akamtoa nje. Wakubwa wengi walimchukia, lakini hakuacha kazi yake. Mwaka 1872 kijana mmoja alimwelekezea malkia bastola, Brown akamkamata. Akamtumikia hata kufa kwake, mwaka 1883.

Basi, mwenye msiba ahitaji mtu wa kweli karibu naye.

Maulizo
1. Kwa nini malkia alijitenga?
2. Brown alimsaidiaje?
3. Jirani yako akifiwa, utamtendea nini?