HOMA YA MNADA: Kununua sarafu za kale kwa simu bila kuumiza moyo wala mfuko

Mwezi huu katika ukurasa wetu wa afya tutazungumzia homa ambayo hailetwi na mbu wala maji machafu. Ni homa inayompata mtu mwenye akili timamu wakati anaposhindania kitu mnadani. Wengi wetu tumeiona katika minada ya ng'ombe na ya mitumba hapa Kilosa na Mikumi: mtu ametoka nyumbani na bei yake kichwani, na baada ya dakika kumi ameitaja bei maradufu, mishipa ya shingo imemtoka. Siku hizi homa hii imeingia ndani ya simu. Vijana, walimu na wastaafu wenye kupenda mambo ya kale wananunua sarafu katika minada ya mtandaoni, na fedha inayopotea mara nyingi ni ile ya karo au ya dawa. Kwa sababu hiyo jambo hili linatuhusu sisi watu wa afya.

SARAFU ZENYEWE

Sarafu zinazotafutwa sana na watu wa kwetu ni zile za wakati wa Mjerumani. Kuanzia mwaka 1890 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilitoa rupia ya fedha yenye picha ya Kaisari Wilhelm II upande mmoja, na simba na mnazi upande wa pili. Rupia moja iligawanywa katika pesa 64. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ilibadili hesabu, rupia ikawa na heller 100, na ndipo lugha yetu ilipopata neno "hela". Vibarua wa reli na wa mashamba walilipwa kwa sarafu hizo, kwa hiyo hata leo moja moja huonekana katika sanduku la bibi au shambani wakati wa kulima. Mwaka 1916, wakati wa vita, Wajerumani waligonga sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo katika karakana ya reli huko Tabora. Zilitoka zaidi kidogo ya 16,000 tu, ndiyo maana watu duniani kote huzigombania, na ndiyo maana za bandia pia ni nyingi.

Zinakouzwa zaidi ni Ulaya na Marekani, katika nyumba za minada na katika mitandao kama eBay, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1995. Mnunuzi wa Kilosa anashindana na watu asiowaona kabisa.

DALILI ZA HOMA HII

Mtu anaposhindana, mwili humwaga homoni ya adrenalini, ile ile inayomwagika tukikutana na nyoka njiani. Kwa hiyo:

(a) Moyo hudunda haraka na viganja hutoa jasho.
(b) Mdomo hukauka, na mtu husahau kula au kulala.
(c) Humkasirikia mshindani ambaye hajawahi kumwona.
(d) Husema moyoni, "Mara moja tu ya mwisho," na kulisema tena baada ya dakika moja.
(e) Huficha simu mke au mume anapoingia.

Kwa kijana mzima mapigo hayo hupita. Lakini mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo hana sababu ya kujitafutia mshtuko wa namna hiyo usiku wa manane kwa ajili ya sarafu.

CHANZO CHAKE

1. Hofu ya kushindwa. Mwaka 2008 wataalamu wa Marekani waliandika katika jarida la Science jinsi walivyopima ubongo wa watu waliokuwa wakicheza mnada. Waliona kwamba kushindwa mnadani kuligusa ubongo kuliko kushindwa katika bahati nasibu, na kwamba aliyeguswa zaidi ndiye aliyezidisha bei zaidi. Kisha wakagawa watu wengine katika makundi. Kundi moja waliambiwa, "Ukishinda utaongezewa dola 15." Kundi jingine walipewa dola 15 kwanza na kuambiwa, "Ukishindwa tutazichukua." Hesabu ni ile ile, lakini hawa wa pili walitaja bei kubwa zaidi. Kumbe kinachotusukuma mara nyingi ni woga wa kunyang'anywa, hata pale ambapo hatujapata kitu.

2. Kukiona kitu tayari ni chako. Mtu akiongoza kwa siku tatu, simu ikimwambia kila asubuhi kwamba yeye ndiye wa kwanza, huanza kupanga ataiweka wapi sarafu. Akipitwa dakika ya mwisho huona ameibiwa. Ndugu msomaji, kuongoza siyo kumiliki.

3. "Nimekwisha fika mbali." Mwaka 1971 mchumi Martin Shubik alieleza mchezo mmoja. Noti ya dola moja inanadiwa. Mwenye bei ya juu anaichukua na kulipa, lakini aliyemfuatia naye analipa bei aliyotaja bila kupata kitu. Watu huendelea kupandisha hata kupita dola yenyewe, kila mmoja akiogopa kupoteza alichokwisha taja. Sasa angalieni: katika mnada wa kawaida anayeshindwa halipi hata senti. Ukiacha, hujapoteza kitu isipokuwa muda. Yule wa mchezo wa Shubik alikuwa na sababu ya kung'ang'ania, sisi hatuna.

4. Laana ya mshindi. Mwaka huo huo wa 1971, wahandisi watatu wa kampuni ya mafuta ya Marekani walieleza kwa nini kampuni zilizoshinda zabuni za visima katika Ghuba ya Mexico zilipata faida ndogo kuliko zilivyotarajia. Tuchukue mfano wa kwetu. Waambieni watu kumi wakisie uzito wa fahali kwa macho. Wastani wao unaweza kukaribia ukweli, lakini atakayemnunua ni yule aliyekisia uzito mkubwa kuliko wote, yaani yule aliyekosea zaidi kwa upande wa juu. Kwa hiyo, kadiri washindani wanavyokuwa wengi, ndivyo inavyofaa kupunguza kikomo chako, hasa kama unanunua ili uuze. Wengi hufanya kinyume: wakiona umati hudhani ni uthibitisho wa thamani.

KINGA

Homa hii haina kidonge. Kinga yake ni kuamua wakati damu imepoa, na kujizuia usiamue tena wakati damu inachemka.

Kwanza, andika kikomo chako kwenye karatasi siku moja kabla. Tafuta bei ambazo sarafu ya aina hiyo, ya mwaka huo na yenye hali hiyo, imekwisha uzwa. Bei anayoomba muuzaji siyo ushahidi. Bei iliyolipwa ndiyo ushahidi. Kisha hesabu kwa kurudi nyuma. Nyumba nyingi za minada Ulaya huongeza ada ya mnunuzi, mara nyingi kama asilimia 20 au zaidi. Tuseme fedha yote uliyo nayo kwa jambo hili ni shilingi 300,000, na posta pamoja na forodha ni 60,000. Zinabaki 240,000. Ukizigawa kwa 1.2 unapata 200,000. Hicho ndicho kikomo cha kutaja, wala siyo 300,000.

Pili, iachie mashine kazi ya kupandisha. Katika mitandao kama eBay unaweza kutaja kikomo chako mara moja kwa siri. Mashine itakupandishia kidogo kidogo, kiasi cha kumpita mwenzako tu. Kama kikomo chako ni 200,000 na cha mshindani ni 150,000, utalipa zaidi kidogo ya 150,000. Mchumi William Vickrey alionyesha mwaka 1961 kwamba katika mnada ambao mshindi analipa bei ya aliyemfuatia, njia bora ni kutaja thamani yako ya kweli, bila kupunguza wala kuzidisha. Ukiisha taja, funga simu. Jambo dogo la kusaidia: usitaje namba ya mviringo. Wengi huishia 200,000. Wewe ukitaja 203,500 unaweza kushinda kwa tofauti ndogo. Hiyo ya ziada nayo iwe imeandikwa tangu mwanzo kwenye karatasi yako.

Tatu, usiwahi mno. Kutaja bei mapema huamsha homa ya wengine, na huwapa nafasi wenye hila wanaopandisha bei kwa niaba ya muuzaji. Wachumi Alvin Roth na Axel Ockenfels waliandika mwaka 2002 kwamba kwenye eBay, ambako mnada hufungwa kwa saa maalumu, watu wengi hungoja dakika za mwisho. Kwenye minada ya Amazon ya wakati ule, ambako muda uliongezwa kila bei mpya ilipotajwa dakika za mwisho, kungoja huko kulikuwa kidogo. Basi soma masharti kwanza. Kama saa ni maalumu, taja kikomo chako mara moja karibu na mwisho. Lakini usingoje sekunde tano za mwisho ilhali mtandao wako unakatika kila mvua inaponyesha. Dakika chache zinatosha.

Nne, linda usingizi. Mnada unaofungwa saa tatu usiku huko New York, kwetu ni saa kumi au kumi na moja alfajiri. Mtu aliyekesha, mwenye njaa au aliyekunywa pombe hawezi kulinda kikomo chake. Acha bei kwa mashine ulale. Sarafu siyo mgonjwa wa kukeshewa.

Tano, pima kabla ya kupenda. Rupia ya fedha ya Mjerumani ina uzito wa gramu 11.66, na sumaku haiivuti. Mwombe muuzaji picha ya sarafu ikiwa juu ya mzani. Hadithi za rupia zenye nguvu za ajabu au za kumfanya mtu tajiri ghafla ni mtego wa matapeli. Aidha, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vya kale vilivyotengenezwa nchini kabla ya mwaka 1863. Kwa hiyo sarafu za masultani wa Kilwa usizinunue kienyeji.

Sita, mwenzako wa nyumbani ajue kikomo. Siyo kwa ajili ya kuomba ruhusa kama mtoto, bali kwa sababu namba inayojulikana na watu wawili ni ngumu kuivunja kuliko inayojulikana na mmoja.

HUDUMA YA KWANZA

Ukijiona mkono unataka kupita kikomo, weka simu chini. Shika kifundo cha mkono wako na uhesabu mapigo kwa dakika nzima. Kwa mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100. Ukikuta yamezidi hapo, au hata yamepanda mno kuliko kawaida yako, fahamu kwamba huo si wakati wa kufanya hesabu. Kunywa maji, toka nje. Dakika ikiisha, huenda mnada umefungwa nawe umepona.

Lakini kama mtu anakopa ili anunue, anasema uongo nyumbani, anajaribu kurudisha hasara kwa kununua tena, au anashindwa kuacha ingawa anataka, hiyo imepita homa ya siku moja. Inafanana na ulevi wa kamari, ambao vijana wetu wengi wanaujua kwa mikeka ya mpira. Asichekwe wala kutukanwa. Aje azungumze na mganga, muuguzi au afisa ustawi wa jamii, na kwa muda huo fedha ya nyumbani ishikwe na mwingine.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Unanunua sarafu uitunze, au uiuze? Je, kikomo chako kinalingana na jibu hilo?
2. Fedha hiyo ikipotea yote, ni nani nyumbani atakosa kitu, na ni kitu gani?
3. Katika mnada wa mwisho ulioshiriki, ulitaja bei ngapi baada ya ile uliyokusudia? Kila moja ilisababishwa na nini?