Vyombo vya Akiba kwa Dereva Apitaye Njia za Porini

Motokaa ipitayo barabara ya lami haina haja ya kubeba vyombo vingi. Ikiharibika, lori au basi halikosi kupita, na mji wenye fundi na duka la vipuri hauko mbali. Mambo sivyo kwa dereva aiachaye lami akashika njia ya porini. Avukaye jangwa la Chalbi kutoka Marsabit kwenda Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, au apitaye mbuga za Katavi mvua zikiisha kuanza, aweza kukaa siku nzima asisikie mlio wa gari jingine. Hapo mkanda wa feni aliouacha nyumbani ndio utakaoamua kama mgonjwa aliyemchukua atafika hospitali, au kama abiria wake watapata maji ya kunywa jioni. Kwa ajili hiyo twapenda kueleza ni vyombo gani vyafaa kuchukuliwa, na kwa sababu gani.

Wako madereva wadhanio kwamba kujaza vyuma vingi ndiyo salama. Huchukua gia kuukuu, pampu ya zamani, na bolti zisizojulikana zimetoka wapi, wakavipakia juu ya paa. Uzito huo huvunja springi, na juu ya kilima gari huyumba likataka kupinduka. Kila kitu kiulizwe maswali kabla ya kupakiwa: Je, kikivunjika, gari litasimama? Je, mimi mwenyewe naweza kukibadili kando ya njia kwa spana nilizo nazo? Kisichojibu ndiyo mara zote mbili na kiachwe nyumbani. Taa ya pembeni ikivunjika gari huenda mchana. Kompyuta ya injini ikiharibika hakuna wa kuitengeneza chini ya mgunga.

Mfano mwema wa akili hii ni Ralph Bagnold, afisa wa jeshi la Uingereza, ambaye katika miaka ya 1920 na 1930 alisafiri na wenzake katika jangwa la Libya kwa motokaa za Ford. Maji yalikuwa haba, na rejeta zilichemka na kuyapoteza. Basi wakaunga mpira mwembamba kutoka rejeta hadi kwenye kopo lenye maji kidogo. Mvuke ukaingia humo ukapoa ukawa maji, na injini ilipopoa maji yale yakavutwa tena ndani ya rejeta. Tena walichukua mabamba marefu ya chuma ya kutia chini ya magurudumu yaliyozama mchangani. Mwaka 1940 Bagnold alipoanzisha kikosi cha kupeleleza jangwani kutoka Misri, mambo hayo mawili yaliingia katika kazi ya vita. Kopo la plastiki lililo karibu na rejeta ya motokaa za siku hizi hufanya kazi ile ile.

Kitu kinachosimamisha safari mara nyingi kuliko vyote ni tairi. Mwiba wa mgunga hupenya mpira, na mawe makali ya volkeno karibu na Ziwa Turkana hupasua ubavu wake. Gurudumu moja la akiba halitoshi, yafaa mawili. Zaidi ya hayo dereva awe na viraka, gundi, vijiti vya mpira vya kuziba tundu, vyuma vya kubandulia tairi, pampu, na kipimo cha upepo. Achukue na tyubu moja hata kama matairi yake hayatumii tyubu, maana tairi lililochanika kidogo laweza kutiwa tyubu, na kipande cha mpira mgumu kikawekwa ndani penye jeraha, likamfikisha kijijini. Kipimo na pampu vina kazi nyingine. Mchangani yapasa kupunguza upepo, pengine hata kufikia ratli 18 kwa inchi ya mraba, ili tairi litandae lisizame. Lakini akitoka mchangani aujaze tena, la sivyo tairi litapata moto na kupasuka.

Jeki nayo ina hila yake. Katika udongo mweusi wa mbuga uliolowa, jeki haiinui gari, bali yenyewe huzama. Ubao wa mninga, upana wake kama sinia ndogo, ukiwekwa chini yake, jeki itasimama. Wengi hawauchukui kwa kuwa hauuzwi katika duka la vipuri. Tena, mafundi wa mjini hufunga nati za magurudumu kwa mashine ya upepo, nazo hukaza mno. Kabla ya safari, dereva afungue kila gurudumu kwa spana yake mwenyewe na kulifunga upya. Kipande cha bomba cha kurefusha mpini wa spana hakina uzito mkubwa, nacho huongeza nguvu za mkono.

Kwa matope na mchanga, chepe, panga, na kamba imara ya kuvutia havina badala. Kamba ifungwe penye ndoano ya chasisi, isifungwe kamwe kwenye bampa, na watu wasimame mbali inapokazwa, kwa maana ikikatika hurudi kwa nguvu iwezayo kuua.

Wakati wa kiangazi adui ni nyasi. Mbegu zake hujaa katika matundu ya rejeta, injini ikachemka ingawa maji yamo tele. Tena nyasi kavu hunasa chini ya gari juu ya bomba la moshi, zikawaka. Wavu mwembamba wa waya mbele ya rejeta, brashi, na kizima-moto kilicho karibu na mkono wa dereva ni vitu vya lazima. Kila baada ya mwendo mfupi katika nyasi ndefu asimame, ainame na kutazama chini.

Katika vipuri vya injini, vya kwanza ni mkanda wa feni, mipira ya rejeta na vibano vyake. Shauri jema ni hili: mkanda wa zamani ukiwa bado mzima, ubadilishwe mjini, mpya ufungwe, na ule wa zamani uwekwe akiba. Hivyo dereva ana hakika kwamba unaingia, na mikono yake imekwisha kujua njia ya kuufunga. Mwenye gari la dizeli achukue filta mbili, kwa kuwa dizeli inunuliwayo kwa mapipa na madebe vijijini huwa na maji na uchafu. Ajifunze pia kuitoa hewa baada ya kubadili filta, maana asiyejua hilo atakuwa na filta mpya na gari lisilowaka. Fyuzi, kipande cha waya wa umeme, na utepe vyatoshea katika kopo dogo.

Springi za majani huvunjika bolti ya katikati, ekseli ikasogea. Bolti hiyo na yuboliti mbili zisikosekane. Jani lenyewe likivunjika, gongo la mti mgumu hufungwa juu yake kwa vipande vya tyubu kuukuu vilivyovutwa kwa nguvu, na gari likaenda polepole. Vipande hivyo vya tyubu, pamoja na waya laini na sabuni ya mche, ndivyo vyombo vya bei rahisi kuliko vyote. Tangi la petroli likitoboka kwa jiwe, sabuni ikisuguliwa penye ufa huziba, kwa kuwa petroli haiiyeyushi upesi.

Vitu vizito vipakiwe chini na kati ya ekseli mbili, na vyombo vya tairi viwekwe mahali pasipohitaji kupakua mizigo yote usiku. Maji ya watu yasichanganywe na maji ya rejeta. Kila mtu atengewe lita 5 kwa siku, na ziwepo siku mbili zaidi ya safari. Kabla ya kuondoka, dereva amwambie mtu anayebaki njia atakayoishika na siku atakayofika. Gari likikataa kabisa, wote wakae nalo, kwa kuwa gari huonekana kwa mbali kuliko mtu, na kivuli chake ni hema.