Dondoo muhimu: Kioo janja kinachoitika ukikigusa

Kioo chako cha Raspberry Pi na MagicMirror tayari kinaonyesha saa na hali ya hewa. Sasa unataka kikuitikie ukikigusa. Usihangaike na tachi ya aina ya simu, kwani utando wa metali ulio kwenye vioo vingi vya kuona upande mmoja huivuruga. Tafuta fremu ya infraredi inayochomekwa kwenye USB. Miali yake hupita juu kidogo ya uso wa kioo. Kidole kikiikata, fremu hujua kiko wapi.

Kabla ya kuagiza, pima skrini yenyewe, si ubao unaoizunguka kwa nje. Fremu ikae mbele ya kioo, imelala sawasawa. Ikipinda kidogo tu, au ubao ukiziba kingo zake za ndani, kioo kitaanza kujibonyeza chenyewe. Jua la dirishani nalo huisumbua.

Skrini ikisimama wima, zungusha na mwelekeo wa mguso kwenye mipangilio, la sivyo utagusa juu kiitike pembeni. Vitufe viwe vikubwa. Na ukitaka kufuta alama za vidole, chomoa fremu kwanza: nayo haitofautishi kidole na kitambaa.